Farasi Ana Bima, Mtoto Hana

SEHEMU YA SABA

Mhariri amenipigia simu kulalamika kwamba mwandiko wangu wa juma hili unafanana na nyayo za kuku. Anivumilie, nanyi mnivumilie. Naandika kwa mkono wa kushoto, na mkifika mwisho wa karatasi hii mtajua kwa nini.

Waliochelewa kuingia niwasogezee kiti. Mimi ni mwalimu wa kupanda farasi. Farasi mwenyewe si wangu, nimemkodi kwa shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Ni jike la kahawia, uso mweupe, na wanafunzi walimpa jina la Shangazi kwa sababu haingii mtu bandani bila kukaguliwa kuanzia kichwani hadi miguuni, na akikuona mzembe anakununia siku nzima.

Miezi minane iliyopita mpwa wangu, mtoto wa pekee wa dada, alianguka kutoka mgongoni mwa Shangazi akavunjika nyonga. Tangu hapo hajasimama. Madaktari wanasema upasuaji mmoja unaweza kumsimamisha, ila ufanyike kabla mwaka haujatimia, mfupa haujazoea kukaa vibaya. Nyumba ya dada haina uwezo huo, na yangu ndiyo usiseme.

Juma lililopita niliwaacha mlangoni mwa banda, Jumanne saa sita mchana, gunia la pumba begani. Ndani nilimkuta shemeji ameshika nondo yenye damu, na Shangazi amesimama kwa miguu mitatu.

Wengi mmeniandikia mkisema mngemuua palepale. Ngojeni kwanza.

Gunia lilimfikia kabla sijamfikia mimi. Lilimpiga kifuani likapasuka, pumba zikatujaa machoni sote wawili, nami nikaingia katikati ya vumbi hilo kwa ngumi. Ya kwanza ilimpata puani. Nilisikia kitu kikivunjika na nilifurahi. Sina haja ya kuwadanganya, nilifurahi.

"Shemeji, nisikilize!"

"Nikusikilize kwa sikio gani?"

Nondo ikamtoka mkononi. Akanirukia kiunoni, tukaanguka pamoja kwenye majani, chini ya tumbo la Shangazi. Yule mnyama, kwa maumivu na hofu, akarusha teke. Ukwato ulinipita sikioni ukagonga ubao, ubao ukachanika vipande viwili. Teke la pili lilimpata shemeji mbavuni. Alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima.

Nilimshika ukosi nikamburuta hadi kwenye ujia. Msinisifu. Sikumtoa kwa huruma, nilimtoa kwa sababu mle ndani nilikuwa nampiga vibaya kwa kukosa nafasi.

Nikamkalia kifuani. Nilipiga mpaka jino lake likanichana kidole.

"Si mimi!" alisema, damu ikimjaa mdomoni. "Si mimi, shemeji! Nimeinyang'anya tu!"

"Umemnyang'anya nani? Shetani?"

"Mwache mume wangu."

Sauti ilitoka stoo ya majani. Dada alikuwa amesimama kizingitini, gauni limelowa, mikono yote miwili ina damu hadi viwikoni. Nilimtazama kichwani, shingoni, miguuni, nikitafuta alipoumia. Hakuwa ameumia popote.

"Ni mimi niliyempiga," alisema. "Huyu ameninyang'anya nondo nilipotaka kuongeza. Kama una hamu ya kuua mtu leo, njoo kwangu."

Hasira hasara, walisema waliotutangulia, na mimi wakati huo nilikuwa nimeikalia hasara yangu kifuani. Niliteremka polepole. Shemeji akageuka ubavu, akatema jino kwenye kiganja, akalitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Dada, kwa nini?"

"Wewe ndiye unaniuliza kwa nini?" Alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya. "Mwanangu nambeba hadi chooni. Binti wa miaka kumi na mitatu, nambeba mgongoni. Wewe unaniuliza kwa nini!"

Mpwa wangu tunamwita Chiriku. Alipokuwa mzima alikuwa anaongea kuanzia anapofumbua macho, anaongea akila, anaongea akipiga mswaki. Siku hizi hasemi. Ukimsalimia anaitika, ukimwuliza anatikisa kichwa, basi.

Dada alitoa karatasi kwenye mfuko wa gauni. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka. Nilikuwa naijua. Ni bima ya uhai wa farasi, ile ambayo shemeji alimkatia Shangazi mwaka aliomnunua.

"Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo," alisema. "Farasi akifa, wanalipa. Akichechemea, hawalipi. Akiwa kilema maisha yake yote, hawalipi. Akifa tu. Mnyama huyu ana bima, mwanangu hana. Niambie, mwalimu, hiyo ni haki ya wapi?"

Hapo ilibidi nitazame chini.

Maana mimi nami nina bima, bima ya mwalimu. Inamlipa mpandaji akiumia uwanjani kwangu. Ina masharti mawili, na naomba myashike. La kwanza, jina la mpandaji liwe daftarini kabla hajapanda. La pili, ajali iwe imetokana na kosa la mwalimu. Farasi akishtuka mwenyewe, hiyo wanaiita bahati mbaya, na bahati mbaya haimlipi mtu.

Chiriku sikumwandika. Nani anamwandikisha mtoto wa dada yake? Wageni wanaandika, mtoto wa nyumbani anapanda. Kumpa kalamu ningeona namtukana dada, kana kwamba nimejiandaa kushtakiana naye siku moja. Na Shangazi, kama nilivyowasimulia tangu sehemu ya kwanza, alishtuka. Ndivyo nilivyoiambia kampuni, ndivyo nilivyomwambia dada, na ndivyo nilivyowaambia ninyi.

Shemeji alijiinua akiegemea ukuta, mkono mbavuni.

"Sasa maji yameshamwagika," alisema kwa pua iliyoziba. "Nimeshawapigia simu kampuni."

"Umewapigia ukawaambia nini?"

"Kwamba farasi ameumia. Ndivyo mkataba unavyotaka, unawaarifu papo hapo. Daktari wao yuko njiani. Na usiniangalie hivyo, sikutaka iwe hivi. Lakini imeshakuwa. Mguu umevunjika, na farasi aliyevunjika mguu anapigwa sindano, kila mtu anajua. Tuseme aliteleza pale ujiani, kwenye saruji tunapomwoshea."

"Na wewe umekubali?"

"Punda afe, mzigo ufike, shemeji. Mzigo ni mwanangu."

"Basi tumalize wenyewe," dada alisema. "Kuna haja gani ya kumngoja daktari?"

"Hapana!" Shemeji alimshika mkono. "Ukimuua kabla kampuni haijaidhinisha, umemuua bure. Lazima daktari wao aseme kwa mdomo wake kwamba haponi."

Niliingia kwa Shangazi. Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa umevimba chini ya goti, ngozi imepasuka, damu inatiririka hadi kwenye ukwato. Alinikagua kama kawaida yake, kichwani hadi miguuni, halafu akaniwekea taya begani na kuniachia uzito wake wote. Alikuwa anatetemeka. Nilimpenda yule mnyama, sioni aibu kulisema. Amenilisha miaka mitano, na hajawahi kumdhuru mtoto hata kwa kumkanyaga kidole.

Isomeni tena sentensi hiyo ya mwisho. Nitairudia baadaye.

"Chiriku yuko wapi?" niliuliza.

"Garini. Nani angebaki naye nyumbani?"

Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya banda, kwenye kivuli, hatua mbili kutoka mlango wa nyuma, limekaribia kugusa ukuta wa mbao. Vioo viko chini kwa sababu ya joto.

"Mdogo wangu," dada alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ya dada niliyemzoea. "Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli, hajawahi. Mimi ndiye niliyekuwa namwomba, tangu utotoni.

Nilikubali. Nilikubali Shangazi afe na nilikubali kusema uongo juu yake.

Kilichofuata kilikuwa kichekesho, angekuwepo mwenye meno ya kuchekea. Watu wazima watatu tulifagia pumba, tukafuta damu ukutani kwa magunia, tukamwaga maji kwenye saruji ili ionekane inateleza, tukamsogeza Shangazi hadi hapo. Dada alinawa mikono bombani. Shemeji alijaza pamba puani. Nondo tuliisukumiza nyuma ya mlango wa stoo. Tulifanya haraka na kwa mpangilio mzuri, kama familia inayotarajia wakwe.

Gari la kampuni likaingia.

Daktari wa bima ni mama mmoja mfupi, mabuti ya mpira, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Watu wa farasi wanamwita Bi Fomu, kwa sababu haulizi anachotaka kujua, anauliza kilichoandikwa kwenye fomu, chote, kwa mpangilio wake.

"Jina la farasi?"

"Shangazi," shemeji alisema.

"Jinsia?"

"Si huyo unamwona?"

"Jinsia?"

"Jike."

"Ameumiaje?"

"Ameteleza kwenye saruji."

Bi Fomu aliandika. Halafu akainua macho, akamtazama shemeji puani.

"Na wewe umeteleza?"

"Nimeteleza."

"Saruji hiyohiyo?"

"Hiyohiyo."

"Saruji hii ina ngumi nzito," alisema, akaandika na hilo pia.

Alimchoma Shangazi sindano ya kutuliza, akapiga magoti kwenye maji yetu ya uongo, akaupapasa mguu kwa vidole viwili. Akatoa kimashine cha eksirei ndani ya begi, akapiga picha ya mbele, ya pembeni, ya upande wa pili. Ilichukua muda. Dada alisimama nyuma yangu.

"Mfupa mkubwa ni mzima," Bi Fomu alisema. "Uliovunjika ni huu mwembamba wa pembeni. Afungwe, apumzishwe miezi mitatu hata minne. Atatembea. Watoto wanaoanza atawabeba vizuri tu. Kuuawa siidhinishi."

"Daktari, anateseka!" shemeji alipaza sauti.

"Kuteseka siyo kufa."

Nusu ya moyo wangu iliruka kwa furaha. Nusu ya pili ilikuwa imesimama nyuma yangu na sikuthubutu kuigeukia.

"Jambo la pili," Bi Fomu alisema, akiendelea kuandika. "Mguu ulioteleza haupasuki ngozi namna hii. Kidonda kina kutu ndani. Huyu amepigwa na chuma. Sasa nisikilizeni vizuri, nisiulize mara mbili. Farasi akiumizwa makusudi na mwenye mali au mtu wa nyumba yake, bima yote inafutwa na jambo linakwenda polisi. Nani amempiga?"

Shemeji aligeuza macho kwa mkewe. Hakutaka, lakini macho yalikwenda yenyewe.

"Mimi," nilisema.

"Wewe nani?"

"Mwalimu. Niliyemkodi."

"Na wewe," Bi Fomu alisema bila kunitazama, "mkono wako una alama za meno ya mtu. Endelea. Ulimpiga kwa nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo.

"Kwa sababu ni muuaji!" dada alilipuka. "Andika hapo! Alimwangusha mwanangu akamvunja! Mtoto hatembei! Mwaka mzima huu farasi anakula na kunona, na mwanangu anaisha!"

Bi Fomu alifungua ukurasa wa nyuma wa fomu, akauwekea kidole.

"Swali la kumi na tisa. Farasi amewahi kumdhuru mtu? Nikijaza ndiyo, kampuni inaondoa bima yake na inashauri asipandwe tena na mtoto yeyote. Farasi ambaye hapandwi, mwenye farasi anajua anakopelekwa. Mwalimu, siku hiyo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Alishtuka?"

Shangazi alikuwa nyuma yangu, kichwa chini, dawa imemlegeza. Pua yake ilikuwa inagusa shati langu.

"Alishtuka," nilisema.

"Mjomba."

Sauti ilipita kwenye nafasi za mbao, kutoka upande wa gari. Ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

"Mjomba, mwambie."

Dada akasogea ukutani, akaweka uso kwenye ubao.

"Amwambie nini, mama? Chiriku, amwambie nini?"

"Shangazi hakushtuka. Tandiko liligeuka."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimekaa nanyi majuma saba nikiwalilia mikosi yangu, mkanihurumia, wengine mkanitumia barua na sala. Sasa kaeni vizuri.

Farasi mjanja akivikwa tandiko huvuta pumzi na kujaza tumbo. Unakaza mkanda, unaona umekaza barabara. Akishusha pumzi, mkanda umelegea. Kwa hiyo jambo la kwanza analofundishwa mtu wa kazi yetu ni hili: kaza, mtembeze hatua ishirini, kaza tena. Watoto wangu wote wanaliimba. Siku ile nilikaza mara moja. Simu ikaita, mzazi mmoja alitaka kujua kama binti yake anahitaji buti mpya, nami nikageuka nikazungumza habari za buti. Chiriku akapanda, akaondoka mbio. Tandiko likazunguka hadi tumboni, naye akaenda nalo. Shangazi alisimama palepale kwa ghafla ili asimkanyage. Alisimama kwa nguvu hata akateguka.

Na hospitalini, dada alipokwenda kutafuta maji, nilimwinamia yule mtoto sikioni. Alikuwa bado anasikia maumivu. Nikamwambia, "Tukisema tandiko, watanifungia uwanja, na Shangazi atauzwa. Sema alishtuka. Ukiulizwa zaidi, nyamaza."

Akanyamaza. Miezi minane. Mnashangaa kwa nini Chiriku haongei? Mimi ndiye niliyemziba mdomo.

"Ni kweli?" dada aliniuliza.

"Ni kweli."

Aligeuka akautazama mguu wa Shangazi, akautazama kwa muda mrefu.

Bi Fomu alifunika kalamu yake. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akiuliza kisichokuwa kwenye fomu.

"Binti, unanisikia? Siku hiyo jina lako lilikuwa daftarini?"

"Halikuwa," nilijibu haraka. "Ni mtoto wa nyumbani, sikumwandika."

"Sikukuuliza wewe."

"Nilijiandika mwenyewe," Chiriku alisema. "Mjomba alipokuwa anampiga Shangazi brashi. Nilitaka jina langu liwepo kama wengine. Niliandika na saa."

Bi Fomu alivua miwani ikaning'inia kifuani.

"Mwalimu, bima yako iko na kampuni yetu?"

"Ndiyo."

"Unayajua masharti yake?"

"Nayajua."

"Basi huyajui. Mpandaji ameandikwa, mwalimu amekosea. Hicho ndicho tunachokilipia. Upasuaji, hospitali, mafunzo ya kutembea, vyote. Ungesema kweli siku ile, mtoto huyu leo angekuwa anakimbia humu ndani. Ulipomsingizia farasi, ulimnyima mtoto."

Shemeji alikaa chini kwenye majani bila kuangalia anakalia nini.

"Bado inawezekana?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Daktari, bado?"

"Madai tunayapokea ndani ya mwaka mmoja. Mna miezi minne. Mwalimu aandike kukiri kwake, nitashuhudia mimi. Na niupate ukurasa wenye jina. Bila jina hakuna dai. Daftari liko wapi?"

Ninachokumbuka ni uso wa dada kwa sekunde zile. Ulifunguka. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane nilimwona dada yangu, yule wa zamani, anayeamini kwamba kesho ipo.

"Liko msumarini, pale mlangoni," alisema mwenyewe. "Mume wangu, lilete!"

Shemeji alikwenda akichechemea, mkono mbavuni, karibu akimbie. Akalitundua, akalifungua, akalamba kidole, akafunua. Akafunua tena. Akarudi nyuma.

"Hapa ni tarehe tisa," alisema. "Hapa ni kumi na moja."

"Siku ile ilikuwa kumi," dada alisema.

"Najua ilikuwa kumi."

Akalinyanyua daftari kwenye mwanga wa mlango. Sote tuliona kipande kilichobaki kwenye uzi, chembamba, kimechanikachanika.

Jioni ile niliporudi kutoka hospitalini niliogopa. Niliogopa kwamba watu wa kampuni watalifungua daftari na kuuliza mbona mpwa wa mwalimu hayumo. Nikauchana ukurasa. Sikuusoma. Ningeshusha macho kidogo tu, hadi mstari wa chini, ningeliona jina lake na mwandiko wake wa mviringo, na saa.

"Ukurasa uko wapi?" dada aliuliza. Aliuliza kwa upole sana.

Ningeweza kusema sijui. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umezoea njia.

"Niliuchoma," nilisema.

Dada alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa nyumba aliyoitafuta kutwa. Akarudi nyuma hatua tatu, akasukuma mlango wa stoo, akainama. Alipoinuka alikuwa na nondo.

"Mama, iweke chini hiyo," Bi Fomu alisema.

"Mke wangu!" Shemeji alijaribu kusimama, mbavu zikamrudisha chini.

Dada hakumtazama Shangazi kabisa safari hii. Alinijia mimi, na hatua zake hazikuwa na haraka.

Sikukimbia. Kwa nini nikimbie? Niliweka mkono wangu wa kulia juu ya ukingo wa hori, kiganja juu. Mkono huu ndio uliopaswa kukaza ule mkanda mara ya pili. Ndio ulioshika simu, ndio ulioshika kiberiti.

"Piga," nilimwambia. "Ila usimguse Shangazi tena."

Akainua nondo kwa mikono miwili.

Nikasikia mlango wa gari ukifunguka nyuma ya ukuta, kisha kishindo cha mtu aliyeanguka kwenye changarawe. Nilitupa macho nje kupitia mlango wa nyuma. Chiriku alikuwa kifudifudi, viwiko vimechunika, anajivuta kuja mlangoni, miguu inamfuata nyuma bila kumsaidia.

"Mama, usimpige!" alipiga kelele. "Mama! Nina kitu cha kukwambia!"

Dada alikuwa ameupa mlango huo mgongo. Alisikia sauti ya mwanawe akageuka kwa ghafla, nondo ikiwa tayari hewani, ikiwa tayari inashuka, na Chiriku alikuwa ameshafika miguuni pake.

Nilitupa mkono wa kulia katikati.